Tanbihi ya Ukurasa wa 112

Belgrad, 12 Machi 2017

Mwalimu Vidosava,

Huenda hunikumbuki. Mimi ni Svetolik Grujović, profesa mstaafu wa historia. Septemba ya 1962 nililala nyumbani kwenu Osoje siku tatu, kijana wa miaka ishirini na saba mwenye mkoba na daftari, nikiandika koo za bonde lenu. Wewe ulikuwa na miaka tisa hivi. Uliniuliza mtu mzima anapata faida gani kwenda nyumba kwa nyumba kuuliza majina ya babu za wenzake. Sikuwa na jibu zuri siku ile, na hata leo sina.

Anwani yako nimeipata kwa msaada wa posta ya Ivanjica. Nakuandikia kwa sababu wachapishaji wanakusanya maandiko yangu yote katika juzuu saba, nami ninapitia kila ukurasa kabla sijaondoka. Madaktari hawaniambii ni lini, lakini wameacha kunikataza rakija, pombe yetu kali ya matunda, nami nimeelewa.

Katika kitabu changu cha kwanza nilikitumia kijitabu cha nyumba yenu, kile chenye majina ya marehemu wa ukoo, ambacho padri husoma siku ya mtakatifu wa nyumba. Kama nilivyoeleza kwenye tanbihi, baadaye kijitabu hicho kiliungua. Kwa ajili ya usahihi tu, ningependa kujua mambo machache. Je, bado mnaadhimisha siku ya Mtakatifu Luka, mtakatifu wa nyumba yenu? Padri anasoma majina gani siku hizi? Na mama yako, Stamena, aliishi vipi hadi mwisho wake? Alinitendea wema mkubwa.

Niliahidi kurudi siku ya Mtakatifu Luka ya mwaka uleule. Sikurudi. Hakuna aliyenialika, nami nikaona si vizuri kujipeleka.

Kwa heshima,
Svetolik Grujović


Osoje, 2 Aprili 2017

Bwana Profesa,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya pili nilikuwa na kalamu nyekundu mkononi, maana nimefundisha miaka thelathini na saba na mazoea hayastaafu.

Kosa la kwanza: mama hajafa. Ana miaka themanini na minne, sikio lake la kushoto limeziba, na leo asubuhi amenigombeza kwa kupanda vitunguu mahali pa viazi.

Kosa la pili: unasema hukuja kwa kuwa hukualikwa. Wewe ni Mserbia, tena umeandika vitabu juu ya Waserbia, na hujui kwamba siku ya mtakatifu wa nyumba mtu haalikwi? Mlango huachwa wazi, anayetupenda huja. Kumwalika mtu ni kumtukana, kana kwamba asingejua njia. Mama alikuwekea sahani mwaka ule. Nakumbuka, kwa sababu mimi ndiye niliyetumwa kuiondoa mezani.

Sasa kijitabu. Asubuhi ile ya Mtakatifu Luka, padri akiwa amekwisha washa ubani, bibi yangu mzaa baba alipeleka mkono nyuma ya picha ya mtakatifu na kukuta ukuta mtupu. Nyumba ikapinduliwa juu chini. Mama hakusema neno. Kwa miaka sita tulisema kimepotea. Halafu mwaka 1968 kitabu chako kikafika, na mwalimu wa kijiji akakisoma kwa sauti mbele ya duka. Watu walijaa fahari kwamba bonde letu nalo limeandikwa. Akafika ukurasa wa 112. Nauweza kwa moyo: "Kijitabu hiki hakipo tena, kiliungua jikoni kwa uzembe wa watu wa nyumba."

Watu wa nyumba wanaoshinda jikoni walikuwa mmoja tu, Bwana Profesa. Bibi hakumsemesha tena mpaka alipokufa, miaka kumi na mmoja. Akitaka chumvi alinituma mimi nikamwambie mama, nao wamekaa meza moja. Dukani wanaume walimwuliza, "Stamena, leo umewasha jiko kwa babu gani?" Dragiša, jirani yetu, alilirithi swali hilo kwa baba yake pamoja na shamba, na vyote viwili bado anavitumia.

Nami sikuwa bora. Kwenye chuo cha ualimu mkufunzi alitusomea ukurasa huo kama mfano wa jinsi ujinga unavyoteketeza historia. Akauliza kama darasani kuna mtu wa kutoka Osoje. Sikunyoosha mkono.

Nina swali moja. Wewe ulijuaje kwamba kiliungua? Hapa kwetu hakuna aliyekiona kikiungua. Habari hiyo tuliipata kwako.

Vidosava Rakonjac


Belgrad, 20 Aprili 2017

Mwalimu Vidosava,

Nimekaa na barua yako wiki mbili. Nilianza majibu manne, yote ya kiprofesa. Hili ni la tano.

Hakikuungua. Kimo kwenye droo ya meza ninayoandikia.

Siku ya tatu ya kukaa kwenu, bibi yako alikwenda kanisani. Mama yako alikuwa uani akikoroga sufuria kubwa ya plamu. Nilimwomba aniazime kijitabu kwa wiki sita, nikakinakili Belgrad kwenye mwanga mzuri. Alifuta mikono, akakitoa nyuma ya picha, akakifunga kwa kitambaa chake cha kichwa na kukitia ndani ya mkoba wangu, chini ya kokwa za jozi alizonipa za kula njiani. Akaniambia, "Kirudi kabla ya Luka. Bila hicho tutakuwa tumewafungia wafu wetu mlango." Niliapa kwa mkate na chumvi ya nyumba yenu.

Wiki sita zikawa miezi, kisha miaka. Nilikuwa nikiandika kwamba koo zote za bonde lenu zilifika katika majira mamoja ya baridi, mwaka 1690, zikikimbia vita kutoka kusini, na kwamba kijitabu chenu kilianzwa majira yaleyale, theluji ikiwa bado kwenye viatu vyao. Lilikuwa jambo zuri kuliamini. Walimu wangu walilipenda, na kwa ajili yake nikaahidiwa nafasi chuo kikuu.

Asubuhi moja ya mwaka 1967, kurasa za majaribio zikiwa zimekwisha toka kwa mpiga chapa, niliinua jani la kwanza la kijitabu dirishani. Karatasi za zamani hubeba ndani yake alama ya kiwanda, inayoonekana ukiziinua kwenye mwanga. Alama ile nilikuwa nimeiona mara nyingi bila kuichunguza. Siku ile niliichunguza. Kiwanda chenyewe kilijengwa miaka mia moja na thelathini baada ya baridi yangu.

Huenda mtu alinakili kijitabu kingine cha zamani zaidi. Huenda hapana. Ningeweza kuandika hivyo kwa mistari miwili, lakini mistari hiyo miwili ingekila kitabu kizima. Na kama ningekirudisha Osoje, mtu yeyote angeweza kupanda basi, akabisha hodi kwenu, akainua karatasi. Kwa hiyo nikaandika kwamba kiliungua. Neno "uzembe" niliongeza mwishoni kabisa, kwa kuwa sentensi ilionekana nyepesi. Sikufikiri kwamba kila jiko lina mwenyewe.

Juu ya hilo zimesimama juzuu saba, nishani mbili, na wanafunzi ambao leo wanafundisha wanafunzi wao.

Niruhusu nikitume kwa basi, mkononi mwa dereva. Mnaweza kusema kimepatikana darini, ndani ya sanduku la zamani. Mama yako atakuwa amesafishwa, na ukweli tutaujua sisi wawili. Niwie radhi.

Svetolik Grujović


Osoje, 3 Mei 2017

Profesa,

Nilimsomea mama barua yako, polepole, kwenye sikio la kulia. Nilipofika kwenye jozi alitikisa kichwa na kusema kwamba mwaka ule jozi hazikuwa nzuri, alikupa kwa aibu. Kisha akaniambia jambo nisilolijua kwa miaka hamsini na mitano. Siku zote alijua unacho. Siku kitabu chako kiliposomwa alikuwa amesimama palepale dukani na gunia la unga, akasikia kwamba kiliungua jikoni mwake, akajua ni uongo, akajitwika unga wake na kurudi nyumbani.

Nilimkasirikia kuliko nilivyokukasirikia wewe. Nikamwuliza kwa nini hakusema.

"Baba yako alikuwa msituni wiki nzima anakata magogo," akasema. "Mimi mwanamke wa miaka ishirini na tisa, na kijana mgeni amelala nyumbani siku tatu. Niseme nimempa wafu wa mume wangu? Wangeuliza nimempa na nini kingine. Bora mzembe."

Akaniomba nimpe kitambaa, akapenga kamasi, akasema tena, "Bora mzembe, mwanangu."

Mama hajui kusoma. Lakini alikuwa ameolewa miaka kumi, amesikia majina yakisomwa mara kumi, na kila mwaka tangu hapo amemtajia padri yale aliyoyashika kichwani. Ni arobaini na matatu. Anauliza kijitabu kina mangapi.

Habari ya dari iache. Darini kwetu kuna mahindi, na mama anajua kila gunzi. Tukisema kilikuwa darini, basi yeye ndiye aliyekificha. Utakuwa umemtoa kwenye kosa moja na kumtia kwenye jingine. Uongo wako ulichapishwa. Ukweli nao uchapishwe, na jina lake liwemo.

Hilo ni langu. Yeye anataka dogo zaidi: asomewe majina yote kabla hajafa. Kitume kijitabu kwanza, na kitume sasa.

Vidosava


Belgrad, 1 Juni 2017

Mwalimu Vidosava,

Majina ni mia moja na kumi na manane.

Samahani kwa kuchelewa kujibu. Nilikuwa na siku mbaya za kifua, na siku nzuri nilizipoteza kwa kusitasita. Unayosema juu ya dari ni kweli. Lakini nakuomba unielewe. Tarehe 25 Septemba kuna hafla ya kutolewa kwa juzuu zangu. Watakuja watu niliowafundisha, wengine kutoka mbali. Baada ya hafla, kabla ya majira ya baridi, nitaandika makala na kueleza yote kwa utaratibu, kwa lugha ya taaluma, ili jambo lisieleweke vibaya.

Kijitabu nitakitoa kwa basi la Ijumaa, tarehe 9. Ningekitoa leo, lakini nataka kila ukurasa upigwe picha kwanza, na mpiga picha ana nafasi wiki ijayo tu. Ni kwa manufaa ya elimu. Mwambie mama yako ni wiki moja.

Wako,
Svetolik Grujović


Osoje, 12 Juni 2017

Profesa,

Basi lilifika Ijumaa saa tisa alasiri. Dereva alishuka mwenyewe kunikabidhi bahasha, akaona nguo yangu nyeusi, akavua kofia.

Mama alifariki Jumanne. Tulimzika Jumatano. Nakutumia tangazo tulilobandika kwenye nguzo. Picha ni ya kitambulisho, hakuwa na nyingine.

Barua yako ilifika akiwa bado anakaa kitandani. Jumapili aliniuliza kama wiki imekwisha. Nikamwambia bado. Akaanza kuyataja majina yale aliyoyajua, kwa kuhesabu vidole, mpaka la arobaini na tatu. Hapo akabaki na kidole hewani, akinitazama, akisubiri nimwambie linalofuata. Sikulijua.

Usinijibu.

V. R.


Belgrad, 16 Julai 2017

Mwalimu Vidosava,

Ulinikataza kujibu. Nakutumia kipande cha gazeti tu. Kimetoka jana, siku ya arobaini ya mama yako, kwenye ukurasa wa matangazo ya vifo.

Nilikwisha anza ile makala ya jarida letu la historia. Jarida hilo lina wasomaji sitini, na hamsini kati yao husinzia. Ukurasa wa vifo husomwa na nchi nzima, kabla ya siasa na kabla ya mpira, na wazee wa kazi yangu huanza nao kila asubuhi kuona nani hayupo tena. Kwa hiyo nilichukua fimbo na teksi, nikaenda mwenyewe dirishani kwa gazeti. Binti aliyekuwa zamu alisoma karatasi yangu hadi mwisho, akanitazama, akairudia. Kisha akauliza uhusiano wangu na marehemu. "Babu, niandike nini?" akasema kwa upole. "Ndugu? Rafiki? Jirani?" Nikamwambia aandike mgeni.

STAMENA RAKONJAC
1933–2017
Leo ni siku arobaini tangu alipotutoka. Mwaka 1962, huko Osoje, aliniazima kwa wema kijitabu cha majina ya marehemu wa nyumba yake. Niliapa kukirudisha kabla ya siku ya Mtakatifu Luka. Sikukirudisha. Katika kitabu changu, ukurasa wa 112, niliandika kwamba kiliungua kwa uzembe wa nyumba yake. Hakikuungua. Nilikuwa nacho miaka hamsini na mitano, nikikificha kwa kuwa kilipinga niliyoyaandika. Stamena hakuchoma kitu. Hapakuwa na uzembe. Palikuwa na uongo, na ulikuwa wangu.
Svetolik Grujović, mgeni

Jana kufikia saa nne simu ilikuwa imelia mara kumi na moja. Mchapishaji amesema hafla imesogezwa mbele, hakusema mpaka lini. Mwenzangu wa sataranji, tuliyecheza naye kila Alhamisi kwa miaka thelathini, amepiga kusema hataweza kuja tena, goti linamsumbua. Anakaa ghorofa moja chini yangu. Picha za kurasa nimezipeleka kwenye jarida, pamoja na jina la kiwanda cha karatasi. Waandike watakavyo.

Sikutegemea kupata nafuu, na sijaipata. Nimegundua jambo moja tu: tangazo lile liliandikwa kwa dakika ishirini. Ningeweza kuliandika tarehe 1 Juni, na kijitabu kikapanda basi siku ileile. Wiki ile niliyoiomba kwa manufaa ya elimu ilikuwa ya kwake, nami nikaichukua kama nilivyochukua mengine. Nimeandika maisha yangu yote juu ya wafu. Sikuwahi kumngoja mmoja wao wala kujua kwamba mmoja ananingoja mimi.

S. G.


Osoje, 8 Oktoba 2017

Profesa,

Nimechelewa kwa makusudi. Nilitaka kwanza viazi vitoke shambani na hasira ipungue. Viazi vimetoka.

Gazeti lilifika hapa saa nne, na kufikia saa sita hakukuwa na nakala dukani. Milunka wa posta alilisoma tangazo kwa sauti, mahali palepale mwalimu alipokisoma kitabu chako, na watu walisimama vilevile, isipokuwa sasa walikuwa wakitazama viatu vyao. Dragiša alikata ukurasa kwa kisu, akaubandika kwenye nguzo kando ya picha ya mama. Jioni akaja, akasimama nje ya ua, hakutaka kuingia.

"Mwalimu," akasema, "baba yangu alikuwa mpumbavu, na mimi nikamfuata."

Nikamwambia mama alikuwa amechoka na maneno ya jiko, kwa hiyo akija tena asije mikono mitupu. Kesho yake akaleta gari zima la kuni, zimepasuliwa tayari. Nilizipanga ukutani. Nililia nilipomaliza, kwa sababu zilikuwa nyingi, na wa kuwashia hayupo.

Nami nina langu. Mwezi Agosti walimu wastaafu tulikutana mjini. Nilisimama nikawaambia kwamba mwaka 1972 mkufunzi aliuliza darasani nani anatoka Osoje, nami nikakaa na mikono yangu mapajani. Wengi walikuwepo siku ile. Nilinyoosha mkono wangu pale pale, mwanamke wa miaka sitini na minne. Walidhani naomba maji.

Sijakusamehe. Nakueleza wazi usije ukadanganywa na mwandiko wangu mzuri. Mama angekusamehe. Wiki ile aliyokuwa anangoja hakukutukana hata mara moja. Aliuliza tu kama ulioa, na kama una mtu wa kukupikia.

Kijitabu kiko nyuma ya picha. Nimeandika bibi, kisha baba, na mwisho mama, jina la mia moja na ishirini na moja, kwa wino mweusi. Kabla ya hapo nililiinua jani la kwanza dirishani. Ni nanga ndogo ndani ya duara, na juu yake nyota. Ni nzuri kweli. Naelewa kidogo jinsi mtu anavyoweza kuiona mara nyingi na asitake kuichunguza.

Padri wetu macho yake yamefifia na mwandiko ule wa kale unamshinda. Mimi naweza kuusoma kwa kusitasita, lakini sauti hunikatika kila nikikaribia la arobaini na nne. Anahitajika mtu anayeujua mwandiko huo vizuri, atakayesoma yote mia moja na ishirini na moja bila kuruka. Namjua mmoja tu.

Tarehe 31, siku ya Mtakatifu Luka, ni Jumanne. Tuna msiba, hatutaimba, lakini ngano ya kuwakumbuka wafu itachemshwa na mlango utakuwa wazi kuanzia saa tano. Basi la saa moja asubuhi kutoka Belgrad linawahi. Dereva ni yuleyule. Nimemwambia akiona mzee mwenye fimbo amshike mkono kwenye ngazi.

Sikualiki. Hakuna anayealikwa.

Vidosava